Mpagazi wa Cheyo

"Nitavuka Ugogo yote kwa miguu yangu hii miwili, na sitalipia hata tone la maji."

Zablon Lugusha aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, katika ukumbi mmoja wa Cheyo, mjini Tabora, mbele ya mchungaji, mbele ya keki, na mbele ya kamati ya sherehe ambayo kufikia saa hiyo ilikuwa imeshakula bajeti yote na kuanza kuwatazama wageni kwa jicho la njaa. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa Martha, dada yake. Mjomba mtu aliitwa mbele atoe zawadi, aseme neno la baraka, arudi akakae. Yeye akatangaza safari.

Aliyemchokoza ni baba wa bibi harusi. Ndahani ni Mgogo wa Bahi aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akamuoa Martha, akastaafu, akabaki. Alikuwa ametangulia kushika kipaza sauti. "Nimewaolea dada yao," alisema, "nimewazalia watoto wenye sura nzuri kuliko walivyotarajia. Lakini hawa Wanyamwezi mpaka leo hawajamaliza kulipia maji waliyokunywa babu zao kwetu."

Ukumbi ulicheka mpaka MC akaona wivu. Kila aliyekuwa mle ndani anaijua hesabu hiyo. Zamani babu zetu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka Unyanyembe kwenda pwani, na wakifika Ugogo, nchi kavu, wanakuta babu za akina Ndahani wamekaa juu ya visima wanadai hongo kabla mtu hajatumbukiza kibuyu. Walitukanana pale kisimani miaka na miaka, hadi matusi yakazoeleka, yakawa udugu. Ndiyo utani wetu. Mgogo anaweza kuingia nyumbani kwako akabeba jogoo, na ukikasirika wewe ndiye huna adabu.

"Utavuka kwa treni?" Ndahani aliuliza akiwa amekaa, bila kipaza sauti.

"Kwa miguu. Nitatokea Mpwapwa, mwisho wa nchi yenu."

"Ukipanda gari?"

"Nikipanda gari, hata bodaboda, kabla ya Mpwapwa, uniite mpagazi mpaka nife."

"Nakuita hivyo kila siku."

"Basi siku hiyo nitaitikia kwa shikamoo."

Watu wakapiga makofi. Mama yao Zablon na Martha, ambaye wote walimwita Mama Martha, aliyekuwa ameketi meza ya mbele na kilemba kipya, alicheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi, akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Wengi walidhani habari imeishia hapo, kama ahadi nyingine zinazotolewa kwenye kipaza sauti.

*

Zablon ni fundi wa mabegi. Anakaa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la akina Asila, karibu na soko kuu. Mababu wa Asila walikuja Tabora kutoka Omani wakifuata biashara ileile iliyowatembeza babu zetu. Leo wanauza vitambaa, nyuzi na zipu, na Zablon anazishona zipu hizo palepale mlangoni, kwa hiyo hakuna mteja anayeponyoka. Ana umri wa kati, mwembamba, mdomo mrefu kuliko kimo. Alikuwa na mke. Mke alirudi kwao Urambo akisema nyumba ile haiwatoshi yeye na mabegi ya watu ambayo wenyewe hawarudi kuyachukua. Tangu hapo Zablon alikuwa na ndugu watatu tu wa kusema nao kila siku: Martha, Ndahani, na mama yake aliyekuwa akiishi Isikizya, nje kidogo ya mji, na kuku wake na simu ya kupapasa aliyonunuliwa na wajukuu.

Safari ilizaliwa kabla ya ile sherehe. Wazungu wawili, kijana na mchumba wake, walifika kibarazani wamejaa vumbi, na begi kubwa la mgongoni lililopasuka zipu. Walikuwa wametembea nchi nyingi, nusu mwaka sasa, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokota njiani. Zablon akiwa anashona walimweleza kwamba kila nchi wanayoingia hukimbilia kwanza mji mkuu wauone. Kisha yule binti akamuuliza kwa nia njema kabisa, "Na wewe, Dodoma yako nzuri?"

Zablon alikuwa hajafika Dodoma. Mashariki ya Tabora alikuwa amefika Igalula tu, kwenye msiba. Mtu ambaye kazi yake ni kuwashonea wengine mabegi ya safari aliangalia sindano, akasema, "Nzuri sana." Asila, aliyekuwa anakata kitambaa ndani, aliinua macho akamtazama, akayarudisha kwenye mkasi.

Baada ya hapo alianza kujishonea begi lake. Alitumia turubai la lori, mikanda ya magunia na zipu za chuma alizochagua moja moja dukani kwa Asila kama mtu anayechagua mchumba. Kwa hiyo siku ya sherehe begi lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kumchokoza tu.

*

Hapa niseme kidogo juu ya wale watatu, maana mambo yote yaliyofuata yanatokana na walivyoishi.

Ndahani na Zablon ni mashemeji na ni watani, kwa hiyo hakukuwa na mpaka kati yao. Ndahani na Mama Martha ni jambo jingine. Mama mkwe hataniwi. Mkwe akimwona mama mkwe anapunguza sauti, anapisha njia, haketi naye mkeka mmoja. Lakini wawili hawa walizaliwa wachokozi, na heshima ile iliwawasha kama shati la katani. Wakapata njia. Kwa kuwa hawakuweza kutaniana wao kwa wao, wakawa wanamtania Zablon kwa pamoja. Kikao chao kilikuwa mgongo wake.

Mwaka mmoja Ndahani alipeleka habari kwa akina mama wa kanisa kwamba Zablon amefariki ghafla. Wakaja na kuni na unga, wanaimba kwa huzuni kutoka barabarani. Martha alitangulia, analia machozi ya kweli, sijui aliyatoa wapi. Zablon akafungua mlango akiwa na singlendi na mswaki mdomoni. Mama Martha alikuwa amejificha nyuma ya choo cha jirani, akicheka mpaka wakampa maji. Unga ukapikwa, ukaliwa, marehemu akaomba aongezewe mboga.

Na katika miaka yote hiyo, Ndahani hakuwahi kumwita Zablon kwa jina. Alimwita mtani. Akiwa na furaha zaidi, mpagazi.

*

Siku ya kuondoka alipita Isikizya kumuaga mama, ingawa Isikizya iko upande mwingine kabisa. Mama alilipima begi kwa mkono mmoja.

"Mbona jepesi? Babu yako alibeba pembe mbili."

"Babu alikuwa analipwa, mama."

"Na wewe unalipwa nini?"

"Nitakuonyesha Bunge kwenye simu. Wewe na mimi tutaliona siku ileile."

Hilo lilimfurahisha. Hakuwa na haja na Bunge, ila kuonyeshwa kitu na mtoto wake kabla majirani hawajakiona, hiyo aliitaka. Akamwombea, akamwambia asilale porini, akamwambia asioe Mgogo.

Zablon alifuata reli, kwa sababu reli yenyewe ilifuata njia ya misafara. Igalula, Goweko, Nyahua, Tura. Baada ya hapo ni Mgunda Mkali, lile pori la miiba na kiu ambalo wapagazi wa zamani walilipita wakihesabiana asubuhi kujua nani hayupo. Siku hizi kuna lami, na malori yanapita yakipuliza upepo wa moto, lakini maji bado ni ya kutafuta. Madereva walisimama wakidhani gari lake limeharibika.

"Oya, panda."

"Natembea."

"Umegombana na nani?"

Alifika Itigi nyayo zimekuwa kama soli. Hapo ndipo Ndahani alipopiga simu ya kwanza.

"Mtani, geuka. Mama ameanguka. Amelala, hasemi, macho yako juu."

Zablon alikaa chini palepale kando ya barabara. "Mpe simu," alisema.

Akasikia mlio mrefu, kama mtu anayevuta gogo. "Zabloni, mwanangu, nakwenda." Zablon alikuwa ameshasimama, mkono umeinuliwa kulizuia basi la kurudi Tabora, aliposikia mlio ule ukipasuka katikati, ukageuka kicheko, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Umeshapanda gari?" mama akauliza.

"Nilikuwa nalisimamisha."

"Basi umeshindwa nusu. Endelea na nusu iliyobaki."

Konda wa lile basi alimtukana kwa kumpotezea muda. Zablon hakumsikia. Alikuwa anacheka, hofu haijamtoka, na akajiapiza kwamba hawatamnasa tena. Hilo ndilo analolirudia mara nyingi kuliko yote. "Nilijiapiza," husema.

*

Ugogo ilimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Kintinku alikuta bibi mmoja anajaza ndoo kwenye bomba.

"Mbukwenyi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unatoka wapi na nyumba mgongoni?"

"Tabora. Kwa miguu."

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mnyamwezi."

"Ndiyo."

"Mwaka huu? Sisi tulidhani mmeshamaliza ile mizigo."

"Umebaki huu wa mwisho. Naomba maji."

"Hongo iko wapi?"

"Babu alishalipa, na hakurudishiwa chenji. Nimekuja kuichukua."

Bibi alicheka akashika kiuno. Kisha akamwambia kwamba Mnyamwezi kupita na kichwa kitupu ni mkosi kwa kijiji, akamtwika ndoo yake, akatangulia mbele akipunga mkono kwa majirani kama mwenye msafara. Nyumbani kwake alimpa maji, ugali na mlenda, na kitanda cha mjukuu aliyekuwa shuleni. Picha ya Zablon na ndoo kichwani iliingia kwenye WhatsApp siku hiyohiyo, na Ndahani akaandika chini yake, "Hatimaye amepata kazi aliyosomea."

Ilikuwa hivyo njia nzima. Bahi, Kigwe, kila mlango alitukanwa akanyweshwa. Alipoiona Dodoma kwa mbali, na vile vilima vyake vya mawe, alikuwa hajatoa hata senti moja ya maji. Mpango wake ulikuwa apumzike mjini, autembelee mji mkuu kama mgeni wa heshima, halafu amalizie kipande cha Mpwapwa.

Mahali pa kwanza alipokwenda ni bungeni. Alisimama nje ya uzio na begi lake, anaangalia.

"Unataka nini?" askari akamuuliza.

"Kuangalia."

"Umeshaangalia?"

"Bado."

Askari akamwonyesha pa kusimama ili asizuie magari. Muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara, alipojua kwamba huyu ni mtani aliyekuja kwa miguu, alimletea chupa ya maji ya bure na kumpiga picha. Zablon akaiweka picha hiyo kwenye WhatsApp: meno yote nje, maji mkononi, Bunge nyuma. Akakaa hapo kama saa nzima akilitazama Bunge, kisha akampigia mama simu ya video, kama alivyoahidi.

Simu ilipokewa bila picha, na sauti ilikuwa ya Ndahani.

"Zablon."

"Mtani. Nimefika, niko mbele ya Bunge. Washa kamera, mpe mama aone."

"Zablon, mama yuko hospitali. Tumemleta jana jioni. Hali yake si nzuri. Panda basi uje."

"Hiyo heshima umeiazima kwa nani, Mgogo? Zablon, Zablon, kama tumejuana leo."

"Nasema kweli," Ndahani akasema.

"Hata Itigi ulisema kweli."

"Ile ilikuwa utani."

"Na hii je?"

Maisha yake yote na huyu mtu, Ndahani alikuwa na sauti moja tu, ile ya kumchokoza, na alipotaka nyingine hakuikuta. Alichoweza ni kurudia. "Zablon, njoo." Aliisema polepole, kwa upole, na ule upole ndio ulioharibu kila kitu, maana Zablon alishausikia siku ya unga na kuni, na Itigi, na mara nyingine nyingi kabla yake.

"Mwambie mama kikohozi chake nimekimisi," akasema. "Mpwapwa nitafika." Akakata.

Akaendelea kutalii. Alikwenda kuiona sanamu ya Mwalimu kwenye uwanja wake, akakaa pale kwenye ngazi akila mahindi ya kuchoma. Akaenda kuuona ule msikiti mkubwa, akavua viatu, akasimama mlangoni akistaajabia jinsi jengo linavyoweza kuwa tulivu katikati ya kelele. Soko la Majengo akaonja zabibu kwa wauzaji kadhaa bila kununua kwa yeyote, na wao wakamwambia Wanyamwezi ndio zao. Kila mahali alipiga picha. Ilikuwa siku nzuri. Hilo nalo linamuuma: haikuwa hata na wingu, hakuhisi kitu, hakuota kitu, chakula kilikuwa kitamu.

Jioni Martha alipiga. Alikuwa analia. Nyuma yake kulisikika kitoroli kikisukumwa na mtu akiita jina la mgonjwa.

"Zabloni, kaka yangu, njoo. Anakuuliza."

"Dada, siku ya unga ulilia vizuri zaidi."

"Nakuomba."

"Mwambie mumeo nimeshinda. Hapo mmejitahidi, mpaka na kitoroli mmepata."

Martha aliita jina lake tena, kisha simu ikakatika. Hawezi kukumbuka kama ni yeye aliyeikata au ni dada yake. Alikwenda kulala gesti, akalala usingizi mzuri.

*

Asubuhi alipanda kilima cha mawe wanachokiita Simba, ili auone mji wote kwa mara moja kabla ya kuanza safari ya Mpwapwa. Juu kulikuwa na upepo. Mapaa ya bati yalimeta mpaka mbali, na Bunge lilionekana dogo, kama sufuria iliyofunikwa. Alitoa simu apige picha, akakuta ujumbe wa Asila.

"Zablon, pole sana kwa kuondokewa na mama. Mungu amlaze pema. Nimeona picha zako nikajua hujaambiwa. Nimefunga duka, niko njiani naelekea Isikizya."

Aliusoma akitafuta mahali utani ulipojificha. Asila si Mgogo, si Mnyamwezi. Watu wa kwao hawana utani na mtu yeyote. Wakikwambia bei, ni bei. Na lile duka Zablon alikuwa amekaa mlangoni kwake miaka mingi, hajapata kuliona likifungwa mchana isipokuwa saa ya swala. Akampigia.

"Umelifunga duka?"

"Nimelifunga."

"Asila, Ndahani yuko hapo karibu? Amekupa simu?"

"Zablon," Asila akasema, "kaa chini kwanza."

Hakukaa. Aliteremka lile jiwe kwa namna ambayo watoto waliokuwa wanacheza chini walimpisha. Alichukua bodaboda ya kwanza kuiona hadi stendi, akapanda basi lililotoka Dar likielekea Tabora, na saa zile zote alizokaa kwenye kiti palipita dirishani, nyuma mbele, mahali pote alipotembea: Bahi, Kintinku, Manyoni, Itigi. Mahali aliposimamisha basi siku ile alipatambua. Basi hili halikusimama.

*

Walimzika Mama Martha kesho yake Isikizya, nyuma ya banda la kuku. Watani walifika, Wagogo wenzake Ndahani wa reli, wakafanya kazi yao kama inavyotakiwa. Mmoja alijifunga kitenge cha marehemu, akatembea akikohoa kwa kicheko chake, na watu wakacheka huku wanalia. Mwingine aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Ndahani mwenyewe hakuweza kuwa miongoni mwao, kwa sababu yeye ni mkwe na yule ni mama mkwe. Lakini kwa Zablon alikuwa na ruhusa, na zaidi ya ruhusa, alikuwa na wajibu. Mfiwa anamsubiri mtani wake aje amvunje mbavu, ili ajue kwamba dunia bado ipo.

Kwa hiyo watu waligeuka walipomwona Ndahani anakwenda aliposimama Zablon. Walishaanza kutabasamu. Neno lenyewe kila mtu angeweza kumtungia: mpagazi amefika, mzigo umeshashushwa.

Ndahani alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Zablon," alisema.

"Asante, shemeji," Zablon akajibu.

Basi. Yale makofi ya ukumbini, unga, kuni, mama aliyejificha nyuma ya choo, vyote viliishia katika maneno hayo machache ya adabu.

Baadaye, wageni walipopungua, Martha alikaa na kaka yake mkekani na kumweleza. Alisema mama hakuteseka sana. Alisema walimwonyesha ile picha ya Bunge pale kitandani, akaivuta karibu na macho. "Bunge silioni," alisema, "namuona yeye tu. Amekonda." Kisha akamgeukia Ndahani, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwa heshima kama siku zote, akamsemesha moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Ukimwita mpagazi hatakuja," alimwambia. "Mwite jina lake. Akisikia unamwita Zablon, atajua."

Martha alimaliza kusema, akanyanyuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Zablon alibaki pale. Wanaomjua wanasema hakulia msibani isipokuwa wakati huo, na hata hapo alilia akiwa ameangalia ukutani.

*

Amerudi kwenye kibaraza cha Asila. Kazi anafanya, zipu zake bado hazing'oki. Lile begi la turubai amelitundika ndani ya duka, juu, pamoja na mabegi ya watu wasiorudi. Mpwapwa hajafika, na hakuna anayemwambia aende. Picha za Dodoma alizifuta. Ile ya Bunge tu ndiyo aliyoibakiza, na haonyeshi mtu.

Ndahani hupita asubuhi akienda sokoni. Zamani angepita amebeba begi mojawapo la wateja, mpaka Zablon amfukuze na rula hadi kwenye kona. Sasa anasimama mbali kidogo.

"Habari za asubuhi, Zablon."

"Nzuri, shemeji. Martha hajambo?"

"Hajambo. Kazi njema."

"Haya, shemeji."

Ukiwaona utasema ni watu wanaoheshimiana sana. Asila anasema hajapata kusikia kitu kibaya kuliko hicho mlangoni kwake. Aliwahi kumwambia Ndahani, "Mzee, mtukane hata kidogo." Ndahani akajibu kwamba kila asubuhi akitoka nyumbani analo tusi lake, zuri kabisa, analifikiria njia nzima, na akifika pale na kumwona Zablon ameinama kwenye cherehani, linarudi tumboni. Zablon naye, nilipomuuliza, alisema anamsubiri. Anasubiri aitwe mpagazi, na yeye hawezi kumwomba mtu amwite hivyo.

Watu wanaomba awasimulie safari. Mtu aliyetoka Tabora hadi Dodoma kwa miguu ana haki ya kukaa na kahawa na kutudanganya mwaka mzima, na sisi tuko tayari kudanganywa. Anakwepa. Juzi nilimpelekea begi langu lililokatika mkanda, nikakaa nikingoja, nikamuuliza Dodoma kukoje, mji mkuu, ni nini hasa alichokiona kule.

Alipitisha uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno.

"Stendi wanauza maji," alisema. "Chupa ya lita moja na nusu, nililipa shilingi elfu moja."